Sabufa mbali na risiva: uvute waya au ununue seti ya bila waya?

Risiva, ile amplifaya ya sinema ya nyumbani inayogawa sauti kwa spika zote, iko chini ya TV. Sabufa, yaani spika ya besi, inatakiwa kona ya nyuma ya kochi, na katikati kuna mlango wa veranda unaofunguliwa siku nzima. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta "sabufa isiyotumia waya", na madukani wanakuta vitu vinne au vitano tofauti vinavyouzwa kwa jina hilohilo, vingine visivyoweza kabisa kuunganishwa na risiva waliyo nayo. Pesa nyingi hupotea hapo, na ndiyo sababu ya kuziweka njia hizi pamoja na kuzilinganisha.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama waya unaweza kupita, pitisha waya. Kama hauwezi, usianze na wati wala inchi. Uliza kwanza sauti itachelewa milisekunde ngapi njiani kutoka kwenye risiva hadi kwenye sabufa. Mengine yote yanarekebishika kwa rimoti na subira, lakini ucheleweshaji ukishavuka kiasi fulani, hakuna menyu itakayokuokoa.

Kinachotoka nyuma ya risiva

Nyuma ya risiva ya 5.1 au 7.1 (spika tano au saba na sabufa moja) kuna tundu moja au mawili ya RCA, yale ya duara kama ya kebo za sauti za TV, yaliyoandikwa SUBWOOFER PRE OUT. Kinachotoka hapo ni sauti ya mono ambayo bado haijakuzwa, kwa sababu sabufa ina amplifaya yake ndani. Sauti hiyo imebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni LFE, ile ".1" ya kwenye 5.1, ambayo hufika hadi 120 Hz, yaani mitetemo 120 kwa sekunde. Wa pili ni besi ambayo risiva imeiondoa kwenye spika nyingine na kuipeleka kwa sabufa, kwa kawaida kila kilicho chini ya 80 Hz, kiwango kilichoenezwa na THX, wanaoweka viwango vya sauti za sinema.

Watu husahau mzigo huu wa pili, na ndio unaoumia zaidi sabufa ikichelewa. Mlipuko wa bomu kwenye filamu ukichelewa kidogo, hakuna atakayeshtuka. Gitaa la besi ni tofauti. Nusu yake inapigwa na spika za mbele, nusu na sabufa, na nusu hizo zinatakiwa kufika sikioni kwa pamoja. Wimbi la 80 Hz hukamilika kwa milisekunde 12.5. Likichelewa nusu ya hapo, yaani kama milisekunde 6, sabufa inasukuma hewa wakati spika ya mbele inaivuta, na pale zinapokutana besi inafifia badala ya kuongezeka. Unabaki na sabufa ya inchi 12 inayotikisika kwa nguvu zake zote, na sebule haina uzito wowote.

Jambo jingine dogo lakini linalowakuta wengi wakiwa wameshalipa: sabufa ya bila waya bado ina waya wa umeme. Kama kona ile haina soketi, utavuta ekstensheni tu. Na ukishakubali ekstensheni ipite chini ya zulia, jiulize kwa nini waya wa sauti nao usipite ukuta wa upande wa pili.

Waya mrefu

Waya hauchelewi, haukatiki katikati ya filamu, hauhitaji adapta ya umeme wala kutambulishwa upya umeme ukirudi. Kwa besi, mita 10 au 15 za kebo nzuri hazipunguzi chochote unachoweza kusikia. Shida ya waya ni kuupata ulio mrefu wa kutosha na kuupitisha. Madukani kebo za RCA nyingi ni za mita moja na nusu au tatu, na ukipata ndefu mara nyingi ni ile nyembamba isiyo na wavu wa kuikinga, inayookota kila mlio wa umeme inaopita karibu nao.

Dawa yake iko karibu na kila nyumba. Kebo inayoshuka kutoka kwenye dishi la Azam au DStv, ile iliyoandikwa RG-6 ubavuni, ni kebo nzuri sana ya sabufa. Ina waya mmoja katikati, plastiki nyeupe, karatasi ya alumini, kisha wavu wa nyuzi, na kinga hiyo ya tabaka mbili ni bora kuliko ya kebo nyingi za RCA zenye maganda ya kupendeza. Inauzwa kwa mita, kwa hiyo unakata urefu unaoutaka.

Kuifunga si kazi ngumu ila inataka utulivu wa mkono. Menya ganda la nje kama sentimita moja na nusu bila kuukata wavu. Rudisha nyuzi za wavu nyuma juu ya ganda, zote, kwa sababu unyuzi mmoja ukibaki mbele na kugusa waya wa katikati, sabufa itakaa kimya na utaanza kulaumu risiva. Menya plastiki nyeupe hadi waya wa katikati utokeze, kaza kiunganishi cha F kama kile cha kwenye king'amuzi, halafu juu yake funga adapta ya F kwenda RCA. Fanya hivyo pande zote mbili. Kabla ya kuchomeka, weka multimita kwenye mlio na gusa katikati na ganda la pini. Isilie. Gusa katikati ya mwisho mmoja na katikati ya mwisho wa pili. Ilie. Basi kebo yako imekamilika. Ni ngumu kidogo kukunja, hivyo kwenye kona iache izunguke kwa upana, usiivunje.

Njia ya kupita: pembezoni mwa ukuta, ndani ya trankingi ya plastiki, au juu ya dari kama kuna jipsamu. Usiifunge sambamba na waya wa umeme kwa mita nyingi. Ikilazimu zikutane, zipishane kwa msalaba. Na kama nyumba bado inajengwa, tafadhali mwambie fundi wa umeme aweke bomba moja la ziada la PVC kutoka ukuta wa TV hadi ukuta wa nyuma kabla ya kupiga lipu, lisilochangia na nyaya za umeme. Bomba tupu gharama yake ni ndogo sana siku hiyo, na litakusaidia hata kwa spika za nyuma.

Waya una ugonjwa mmoja wa kweli: mngurumo. Risiva ikiwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na sabufa kwenye soketi ya laini nyingine, erthi za sehemu hizo mbili zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo husafiri kwenye ganda la kebo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na 50 Hz ndiyo hasa sabufa iliyoundwa kuipiga. Utasikia "mmmm" isiyoisha hata filamu ikiwa imesimamishwa. Jaribu kwanza kuvichomeka vyombo vyote viwili kwenye soketi moja kwa ekstensheni. Mngurumo ukiisha, umeujua ulikotoka. Kuna pia transfoma ndogo za RCA zinazokata mzunguko huo wa erthi; tafuta inayoshuka hadi 20 Hz, maana za bei rahisi hula besi. Kitu kimoja usikifanye wala usikubali fundi akifanye: kukata au kuacha pini ya erthi kwenye plagi. Mngurumo utaisha, na sehemu za chuma za sabufa zitakuwa hazina ulinzi siku kitu kitakapoungua ndani.

Seti ya kutuma na kupokea

Hii ndiyo "bila waya" halisi kwa mwenye risiva. Ni visanduku viwili. Kimoja kinachomekwa kwenye SUBWOOFER PRE OUT, kingine kwenye tundu la LFE au LINE IN la sabufa, kila kimoja na umeme wake, mara nyingi wa volti 5 wa USB. Faida kubwa ni kwamba sabufa yoyote yenye tundu la RCA inafaa, hata uliyo nayo tayari, na ukibadilisha risiva seti inabaki.

Kwa seti za kampuni zenye majina kuna SVS SoundPath, ambayo toleo lake la Tri-Band hutumia masafa ya 2.4, 5.2 na 5.8 GHz. Klipsch wana WA-2, ambayo kwenye baadhi ya sabufa zao, kama R-112SW, kipokeaji huchomekwa moja kwa moja kwenye mlango maalumu wa nyuma na kunyonya umeme humohumo, hivyo unapunguza adapta moja. Kwa bei, seti za majina haya Marekani huvuka dola 100, na ukijumlisha usafiri na ushuru unaweza kukuta umelipa mara nyingi zaidi ya mita 15 za kebo ya dishi na adapta zake. Zipo pia seti za bei nafuu zisizo na jina. Si zote mbaya. Ila usinunue ambayo haisemi popote inachelewesha kiasi gani, wala inashuka hadi Hz ngapi. Unataka iandike 20 Hz. Baadhi zimetengenezwa kwa spika za kawaida na huanza kuchoka kabla hata ya kufika kule chini ambako sabufa inaanzia kazi.

Sasa turudi kwenye milisekunde, maana hapa ndipo seti nzuri inaposamehewa na mbaya inapokwama. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde. Risiva yako inalijua hilo. Ukiiambia sabufa iko mbali kuliko spika nyingine, inazichelewesha hizo nyingine ili zote zifike kwenye kochi pamoja. Ndiyo maana ya ule ukurasa wa umbali kwenye menyu. Kwa hiyo seti ikichelewesha milisekunde 15, unachofanya ni kumwongezea risiva umbali wa mita 5 na kidogo. Sabufa iliyo mita 3 kutoka kwenye kochi inaandikwa mita 8, na besi inarudi mahali pake. Ukipima kwa maikrofoni ya risiva, iwe Audyssey ya Denon na Marantz, YPAO ya Yamaha au MCACC ya Pioneer, risiva yenyewe itaandika namba kubwa ya ajabu kwenye sabufa. Usiishushe ukidhani imekosea. Imepima muda, ikaugeuza kuwa mita.

Lakini msamaha huo una mpaka. Miongozo ya baadhi ya risiva za Denon inataka tofauti ya umbali kati ya spika na spika isizidi mita 6. Mita 6 ni kama milisekunde 17 na nusu. Kwa hiyo seti inayochelewesha 10 au 15 inaingia. Ya 20 iko ukingoni au imepita. Ya 40 haiingii. Kabla ya kununua, fungua menyu ya risiva yako na uone umbali wa mwisho unaokubalika na tofauti inayoruhusiwa. Hiyo ndiyo bajeti yako ya milisekunde, na kila risiva ina yake.

Tatizo la pili la seti hizi ni majirani. Masafa ya 2.4 GHz yanatumiwa na Wi-Fi, Bluetooth, hata mikrowevu ikiwa inapasha chakula. Kwenye nyumba yenye uwanja huenda usione tatizo lolote. Kwenye ghorofa la Kariakoo au flati za Eastlands, ambako simu yako inaona ruta za familia kumi, unaweza kusikia sabufa ikikatika nusu sekunde kisha ikarudi. Kabla ya kuikataa seti, toa kitumaji nyuma ya risiva. Kikiwa kimebanwa kati ya bati la risiva na ukuta wa zege wenye nondo, hakina pa kutolea mawimbi yake. Kiweke juu ya kabati, kikitazamana na kona ya sabufa, mbali na ruta angalau mita moja. Hamishia TV na simu zako kwenye Wi-Fi ya 5 GHz ili kupunguza msongamano ndani ya nyumba yako mwenyewe. Seti inayoweza kuhamia 5 GHz ina thamani yake hapa, ingawa masafa hayo hupenya kuta kwa shida zaidi. Kwa chumba kimoja hilo si tatizo.

Na tatizo la tatu ni letu hasa: umeme kukatika. Jaribu siku ya kwanza. Zima kwenye swichi kuu, washa tena, uone kama visanduku vinatafutana na kushikana vyenyewe. Seti nzuri inakumbuka mwenzake. Isiyokumbuka itakulazimu kuinama nyuma ya kochi na kubonyeza kitufe kila umeme unaporudi, na baada ya mwezi familia itakuwa inaangalia filamu bila sabufa.

Kuna mahali pamoja ambapo seti inaushinda waya waziwazi, nako ni kwenye ule mngurumo wa erthi. Kati ya risiva na sabufa hakuna tena ganda la kebo la kupitisha tofauti ya erthi, kwa hiyo mngurumo wa aina hiyo unakufa papo hapo. Mwenye nyumba ya zamani yenye nyaya zilizochanganywa, ambaye hataki kubomoa, ana sababu nzuri ya kutumia seti hata kama waya ungefika.

Bluetooth: iache

Najua inavyovutia. Adapta ni ndogo, bei ni ya chini, na kila duka linayo. Sabufa nyingi zinazouzwa kwetu, zile za spika mbili au tatu na kisanduku kikubwa, zina Bluetooth ndani, na mtu anafikiri: basi risiva itume, sabufa ipokee.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100, na 200 si ajabu. Geuza 150 kuwa umbali: ni zaidi ya mita 50. Hakuna risiva ya nyumbani itakayokubali kuandika sabufa iko mita 50. Ukitaka kulisikia kosa lenyewe, piga singeli. Muziki ule hukimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, yaani pigo na pigo zimeachana kwa milisekunde 300 au chini ya hapo. Sabufa ikichelewa 200, mdundo unaanguka katikati ya pigo hili na lijalo, na wimbo mzima unakuwa kama unapigwa na watu wawili wasiosikilizana. Kwenye filamu utaona mlango unabamizwa, kimya kidogo, ndipo kishindo.

Zipo adapta zenye aptX Low Latency zinazoshusha ucheleweshaji hadi karibu milisekunde 40, lakini lazima pande zote mbili ziwe nayo, na 40 bado ni karibu mita 14. Bado haziingii kwenye bajeti. Na ile Bluetooth ya kutuma iliyomo kwenye baadhi ya risiva imewekwa kwa ajili ya hedifoni: inatuma stereo nzima, si njia ya sabufa.

Hizo sabufa za Bluetooth zenyewe ni nzuri kwa kazi yake, kucheza nyimbo kutoka kwenye simu. Huko simu hutuma kila kitu pamoja, kwa hiyo kila kitu huchelewa pamoja na hakuna anayejua. Shida huanza pale sehemu moja tu ya sauti inapopitia njia ya polepole.

Sabufa za saundiba, na risiva zenye wenza wao

Ukiona sabufa ya bila waya inauzwa peke yake kwa bei nzuri, mara nyingi imetoka kwenye seti ya saundiba, ile spika ndefu ya chini ya TV, ya Samsung, LG au JBL. Igeuze uangalie mgongo. Kama kuna tundu la umeme na kitufe cha kuoanisha tu, bila RCA, iache dukani. Ilizaliwa kuzungumza na saundiba yake, na haitaisikia risiva yako kwa adapta yoyote. Sonos Sub iko hivyohivyo: sauti yake ni ya kupendeza sana, lakini inafanya kazi ndani ya familia ya Sonos, na mgongoni haina tundu la kupokea kebo ya sabufa kutoka kwenye risiva.

Upande wa pili kuna risiva chache zinazotuma zenyewe. Sony STR-AN1000, ya 2023, inaoana bila waya na sabufa za Sony SA-SW3 ya wati 200 na SA-SW5 ya wati 300. Hakuna visanduku, hakuna adapta, na muda wa kuchelewa umepangwa na kampuni ileile pande zote mbili. Yamaha nao, kwenye baadhi ya risiva za MusicCast, mfumo wao wa kuunganisha vyombo bila waya, hukubali MusicCast SUB 100, ambayo pia ina tundu la waya.

Kwa anayeanza upya, asiye na risiva wala sabufa, huu ndio usafi mkubwa kuliko wote ukiacha waya. Nina wasiwasi mmoja tu, na ni wasiwasi wa miaka. Zile za Sony hazina tundu la RCA. Risiva ikifa baada ya miaka 6 na ukataka ya kampuni nyingine, sabufa nzima iliyo hai inakuwa haina wa kumpa sauti. Ndiyo maana kati ya hizi mbili ningeelemea ile ya Yamaha, kwa sababu ya lile tundu moja la nyuma.

Utasikia pia habari za WiSA, mfumo wa 5 GHz wenye ucheleweshaji wa milisekunde 5.2 tu. Ni mzuri kweli, lakini umejengwa uichukue sauti kwenye TV na kuipeleka kwenye spika zake zote, na risiva inakuwa haina kazi. Kama unaipenda risiva yako, si njia yako.

Na wapiga gitaa wa kanisani huuliza kama vile visambazaji vyao vidogo vya gitaa vinaweza kutumika. Kwa upande wa muda, vinachelewa kidogo sana, vingi chini ya milisekunde 6. Ila vinatumia betri ya saa chache na vimetengenezwa kwa sauti ndogo ya gitaa, hivyo sauti ya risiva huweza kuvizidi na kukwaruza. Kwa sherehe ya usiku mmoja sawa. Kwa sebule ya kila siku, hapana.

Nani achukue nini

Mwenye nyumba yake, hata ikiwa imeshakamilika: kebo ya dishi na trankingi. Kazi ya mchana mmoja, kisha unaisahau kwa miaka.

Mpangaji ambaye baba mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari: kwanza pima pembezoni mwa ukuta. Mara nyingi mzunguko mzima wa sebule ni mita 15, na kebo nyeupe iliyobandikwa kwa gundi juu ya sketi ya chini ya ukuta haimkeri mtu. Mlango ukikatiza pande zote, chukua seti yenye ucheleweshaji unaoingia kwenye bajeti ya risiva yako.

Mwenye ghorofa lenye ruta nyingi na anayetaka seti: iwe ya masafa zaidi ya moja, na akubaliane na duka kuirudisha ndani ya siku kadhaa, kwa sababu hakuna anayeweza kukuhakikishia hewa ya nyumba yako akiwa dukani.

Mwenye sabufa mbili ana uhuru zaidi: iliyo karibu aitie waya, ya mbali aipe seti, mradi risiva ipime umbali wa kila moja peke yake. Risiva yenye matundu mawili yanayotoa sauti ileile haitaweza kuzipatanisha, na hapo ni bora zote mbili ziwe za waya au zote za seti.

Anayeletewa mzigo na ndugu aliyeko Marekani aangalie kitu kimoja kabla ya kisanduku kufungwa. Adapta nyingi za volti 5 hukubali volti 100 hadi 240 na zimeandikwa hivyo, hazina shida. Sabufa yenyewe huweza kuwa ya volti 120 peke yake, na ukiichomeka kwenye 230 yetu haitamaliza dakika. Soma kibandiko cha nyuma, si kile cha kwenye boksi.

Ukishachagua seti

Chomeka vyote, subiri taa za visanduku ziache kupepesa. Kwenye sabufa, kitufe cha krosova, yaani mpaka unaogawa besi na sauti nyingine, kipeleke mwisho kabisa au kwenye LFE, kwa sababu kazi hiyo inafanywa na risiva na ikifanywa mara mbili besi inakatwa mara mbili. Fezi (phase, kitufe cha kupatanisha mawimbi) iwe 0. Kwenye risiva weka spika zote Small (ndogo, ili besi yao iende kwa sabufa) na krosova 80 Hz, kisha endesha upimaji wa maikrofoni. Sauti ya sabufa ikiwa ndogo, ongeza kwenye sabufa yenyewe kabla ya kupandisha namba kwenye risiva. Risiva ikisukuma sana, kisanduku cha kutuma kinazidiwa, na utasikia besi imekauka kama inagonga mbao. Ikisukuma kidogo mno, sabufa zenye kujizima zenyewe zitalala katikati ya mazungumzo marefu na kuamka mlipuko ukiwa umeshapita.

Halafu jaribio la mwisho, ambalo linataka watu wawili. Piga sauti ya 80 Hz mfululizo kwenye spika za mbele pamoja na sabufa. Wewe kaa mahali unapokaa siku zote, simu mkononi ikiwa na programu ya kupima kelele, na mdogo wako ashike rimoti kwenye ukurasa wa umbali wa sabufa. Aongeze nusu mita, asubiri usome, aongeze tena. Namba ya simu itapanda na kushuka. Achia pale inapokuwa juu kabisa karibu na ile namba ambayo risiva iliipima yenyewe. Ikiwa namba inaendelea kupanda na menyu imefika mwisho wake, seti hiyo inachelewesha kuliko risiva yako inavyoweza kusubiri, na irudishwe ilikotoka risiti ingali mkononi.